Haki ya Kuongoza Bila Kutoa Sauti

Katika kazi zote za sanaa alizozibuni binadamu, ni chache zenye kitendawili kikubwa kama kazi ya mwongozaji wa okestra. Watu tisini au mia wamekaa mbele yake, kila mmoja na ala yake: fidla, selo, filimbi, tarumbeta, ngoma. Wote hao wanatoa sauti. Yeye peke yake hatoi sauti yoyote. Ameshika kijiti chepesi kisicho na uzi wala tundu, anakipunga hewani, na amewapa mgongo watu waliolipa kiingilio waje kusikiliza. Hata hivyo jina lake ndilo liandikwalo kwa herufi kubwa katika tangazo, yeye ndiye apigiwaye makofi kwanza, na aghalabu ujira wake unaupita mbali ujira wa mpiga ala yeyote. Yafaa basi tuulize: ni haki gani impayo mtu asiyetoa sauti mamlaka juu ya wenye sauti?

Swali hili si la wanamuziki peke yao. Ni swali la kila mahali ambapo mmoja anaongoza na wengi wanatenda. Mwalimu mkuu hafundishi madarasa yote. Msimamizi wa ujenzi habebi matofali. Na katika ofisi za umma, ambamo baadhi yetu tumeyatumia maisha yetu, atiaye sahihi barua mara nyingi siye aliyeiandika. Nimechagua kulitazama jambo hili katika okestra kwa sababu huko liko wazi. Kiongozi anaonekana na wote, na kosa lake husikika papo hapo. Haliwezi kufichwa katika jalada.

Kabla ya kuendelea, tukubaliane juu ya jina. Neno kondakta limekwisha kuchukuliwa na basi: ni yule akusanyaye nauli na kugonga bodi la gari ili dereva aondoke. Manju, tuliyemrithi kutoka katika ngoma zetu, naye hatufai hapa, maana manju hutunga na kuimba, na wenziwe humwitikia. Sogora hupiga ngoma kwa mkono wake mwenyewe. Huyu tunayemzungumzia haimbi wala hapigi. Basi tumwite mwongozaji.

Mwongozaji hakuzaliwa siku moja na okestra. Katika Ulaya ya karne ya 17 na ya 18, vikundi vingi vya wapiga ala viliongozwa na mmoja wao, ama mpiga fidla wa kwanza ama aliyekaa kwenye kinanda. Aliongoza kwa kichwa na kwa upinde huku naye akipiga. Katika jumba la mfalme wa Ufaransa ilikuwapo desturi nyingine: kugonga sakafu kwa bakora ndefu ili mapigo yasikike. Mwezi wa Januari mwaka 1687, mtunzi Jean-Baptiste Lully alikuwa akiongoza kwa namna hiyo wimbo wa kumshukuru Mungu kwa kupona kwa Mfalme Louis wa 14. Akajigonga mguuni kwa bakora yake. Jeraha likaoza, akakataa kukatwa, na mwezi Machi mwaka huo huo akafariki. Wahenga wetu walisema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa aliyeumia guu ni mkuu mwenyewe.

Karne ya 19 okestra zikakua. Wapiga ala wakawa wengi, na muziki ulioandikwa ukawa mgumu kiasi kwamba aliyeshughulika na fidla yake hakuweza tena kuwaangalia wengine wote. Watu kama Carl Maria von Weber, Louis Spohr na Felix Mendelssohn, ambaye aliishika okestra ya Leipzig tangu mwaka 1835, wakaacha kupiga, wakasimama mbele wakiwa na karatasi iliyokunjwa au kijiti. Badiliko hili laweza kuonekana dogo, lakini lina maana kubwa. Bakora iliyogonga sakafu ilikuwa ikiufunika muziki; kijiti kisichogonga chochote huuacha usikike. Kiongozi alinyamaza ili wengine wasikike, nacho ndicho chanzo cha ukimya wake. Haukuwa ukimya wa mtu mvivu, bali wa mtu aliyepewa kazi nyingine.

Ni kazi gani hiyo? Atazamaye kwa mbali hudhani kuwa ni kuhesabu: moja, mbili, tatu, nne. Kama ingekuwa hivyo, saa ya ukutani ingetosha. Tuyatazame mafunzo yake, ndipo tutakapofahamu.

Kwanza, sharti awe mpiga ala, na awe ameanza tangu utotoni, kwa sababu hakuna awezaye kumwelekeza mpiga fidla juu ya upinde ikiwa hajui upinde ni mzito kiasi gani ifikapo jioni. Pili, ajifunze elimu ya upatanifu wa sauti na jinsi lahani nyingi zinavyokwenda pamoja bila kugombana. Tatu, ajifunze kukisoma kitabu cha nota ambacho ukurasa wake mmoja huweza kuwa na mistari ishirini na zaidi, filimbi zikiwa juu na fidla kubwa za besi zikiwa chini, naye aisome yote kwa pamoja kama sisi tusomavyo mstari mmoja wa utenzi. Wala maandishi hayo hayasemi wazi. Mpiga klarineti ya kawaida akisoma do, sauti itokayo iko chini kidogo ya do ya piano. Mpiga baragumu la F akisoma do hiyo hiyo, hutoka fa. Mwongozaji hana budi kuligeuza kila jambo kichwani mwake, ili jicho lisomapo, sikio liwe limekwisha kusikia.

Nne, na hili ndilo gumu kuliko yote, ajifunze kusikiliza sauti mia moja na kuitambua ile moja iliyokosea. Haitoshi kusema, "Kuna kosa." Aseme kosa ni la nani, liko mahali gani, na limetoka wapi: je, mpiga ala amesoma vibaya, au ameshindwa kumsikia mwenziwe kwa sababu tarumbeta zimemfunika? Akilitaja kosa la uongo, wapiga ala hutazamana, na tangu hapo kijiti chake ni kijiti tu.

Mafunzo haya huchukua miaka mingi. Wengi wa zamani waliingia katika majumba ya opera wakiwa watumishi wadogo, wakiwapigia waimbaji piano wakati wa mazoezi, huku wakingoja siku ambayo mkuu ataugua. Siku kama hiyo ilimfikia Leonard Bernstein tarehe 14 Novemba 1943, alipokuwa na umri wa miaka 25. Bruno Walter aliugua, na kijana akaiongoza okestra ya New York huku nchi nzima ya Marekani ikisikiliza redioni. Wengine walipitia kwa walimu wakubwa. Ilya Musin alifundisha kazi hii mjini Leningrad kwa muda wa zaidi ya miaka 60, na Jorma Panula aliifundisha Helsinki tangu 1973 hadi 1993. Panula aliwaweka wanafunzi wake mbele ya wapiga ala wa kweli, akawapiga picha za video, kisha akawafanya wajitazame wenyewe. Mtu ajitazamapo huona jinsi anavyotapatapa bure, na jinsi mkono wake unavyosema jambo ambalo moyo wake haukulikusudia.

Baada ya kuyaona mafunzo hayo, twaweza kulijibu swali letu kwa mara ya kwanza. Haki ya mwongozaji haitoki katika kijiti. Inatoka katika sikio. Yeye ndiye mtu pekee katika jengo lile ambaye kazi yake yote ni kuwasikia wote kwa pamoja, na mamlaka yake hayaendi mbali kuliko usikivu wake.

Upo ushahidi mmoja wa kusikitisha unaothibitisha jambo hili. Tarehe 7 Mei 1824, mjini Vienna, Simfonia ya Tisa ya Beethoven ilipigwa kwa mara ya kwanza. Beethoven mwenyewe alikuwapo jukwaani akionyesha mwendo wa muziki. Hakuwapo aliyeijua kazi ile kumpita, maana ni yeye aliyeitunga. Wala hakuwapo mwenye heshima kubwa kuliko yeye. Lakini alikuwa kiziwi. Kwa hiyo wapiga ala waliagizwa wamfuate Michael Umlauf, na si yeye. Muziki ulipokwisha, mwimbaji mmoja mwanamke ilimbidi amgeuze ili ayaone makofi ambayo hakuweza kuyasikia. Tumhurumie, kwani hakuwa na kosa. Lakini tulitambue funzo: hata elimu, hata heshima, hata kuwa mwenye kazi mwenyewe, havimpi mtu uwezo wa kuongoza ikiwa hawasikii anaowaongoza. Viziwi wa namna nyingine, ambao masikio yao ni mazima, hawana udhuru wa Beethoven.

Hapa mtu anaweza kupinga akasema: kwa nini kazi ya kusikiliza apewe mmoja? Je, wapiga ala wenyewe hawana masikio? Pingamizi hili ni la haki, nalo liliwahi kujaribiwa kwa vitendo. Mwaka 1922, miaka mitano baada ya mapinduzi ya Urusi, mpiga fidla Lev Tseitlin na wenziwe waliunda mjini Moscow okestra isiyo na mwongozaji, iliyoitwa Persimfans. Walikaa kwa duara ili waonane nyuso, hata baadhi yao wakawapa mgongo wasikilizaji. Namna ya kuupiga muziki iliamuliwa na kamati yao katika mazoezi. Nao hawakuwa wababaishaji: mtunzi Sergei Prokofiev alipiga piano pamoja nao mwaka 1927 na akawasifu. Okestra hiyo ilidumu miaka kumi, ikafungwa mwaka 1932.

Sisi tuliokulia katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha hatuwezi kulitazama jaribio lile kwa dharau. Wapo wasemao upesi kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Lakini chombo kile hakikwenda mrama. Kilisafiri, na kilifika. Na mjini New York, tangu mwaka 1972, kikundi kidogo kiitwacho Orpheus kimepiga bila mwongozaji, wapiga ala wakipokezana uongozi. Basi ukweli ni huu: kinachohitajika katika muziki si mtu mmoja aliyesimama juu ya wengine, kinachohitajika ni kusikilizana. Wa Moscow waliigawa kazi hiyo, kila mmoja akachukua sehemu yake, nao walilipa gharama yake kwa muda mrefu wa mazoezi na majadiliano. Penye mwongozaji, wenzake wamemkabidhi sehemu kubwa ya usikivu wao ili wao wapate nafasi ya kushughulika na ala zao. Wamemkabidhi, hawakumpa kabisa. Kwa maneno mengine, mamlaka yake ni amana, na mwenye amana huulizwa.

Lakini mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Historia ya kazi hii imejaa watu walioisahau amana wakadhani ni mali yao. Mfano mgumu kuliko yote ni Arturo Toscanini, mgumu kwa sababu ni mfano wa mtu mkubwa. Alizaliwa Parma mwaka 1867, mtoto wa mshonaji nguo, akahitimu mwaka 1885 akiwa mpiga selo. Mwaka uliofuata alikwenda Brazil na kikundi cha opera. Usiku wa tarehe 30 Juni 1886, mjini Rio de Janeiro, kulitokea mzozo juu ya nani aongoze, na wasikilizaji wakamzomea aliyesimama. Wenziwe wakamsukuma mbele kijana huyo wa miaka 19, naye akaiongoza opera ya Verdi iitwayo Aida kutoka mwanzo hadi mwisho kwa kichwa, bila kukitazama kitabu. Mtu mwingine baada ya usiku kama ule asingekubali tena kukaa chini. Yeye alirudi Italia, na mwezi Februari 1887 alikuwa amekaa tena miongoni mwa wapiga selo mjini Milan, opera nyingine ya Verdi, Otello, ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza. Alikwisha kuongoza, naye bado alitaka kusikiliza.

Mtu huyo huyo, mwaka 1931 mjini Bologna, alikataa kuupiga wimbo wa Mafashisti kabla ya maonyesho yake, wafuasi wa Mussolini wakampiga mlangoni mwa jumba la maonyesho. Hakurudi nyuma. Aliacha kuongoza katika nchi yake hadi utawala ule ulipoanguka. Na bado zipo kanda za mazoezi yake ya miaka ya baadaye, mjini New York, ambamo anasikika akiwafokea na kuwatukana wapiga ala kwa namna ambayo mtu hawezi kuisikia bila kuona aibu. Je, tusemeje? Aliyekataa kumsujudia dikteta alikuwa dikteta mdogo chumbani mwake?

Wapo wanaomtetea kwa uzuri wa kazi yake. Wanasema kwamba hakudai kwa wengine asichokidai kwake, na kwamba baadhi ya waliotukanwa walimpenda. Yote hayo ni kweli, lakini hayatoshi. Msamaha wa aliyetukanwa ni mali ya aliyetukanwa. Kiongozi hawezi kuutegemea mapema kama mshahara. Tena, usikivu hauna mipaka ya nota peke yake. Aisikiaye fidla ikipungua kidogo tu, kisha asimsikie aishikaye fidla hiyo, sikio lake ni nusu.

Wapiga ala wenyewe wamelijibu jambo hili, si kwa kuwafukuza waongozaji wote, bali kwa kuirudisha amana mikononi mwa wenyewe. Okestra ya Berlin ilianzishwa mwaka 1882 na wapiga ala waliomwacha mwongozaji wao, Benjamin Bilse, kwa sababu ya masharti mabaya ya kazi. Katika okestra hiyo mwongozaji mkuu huchaguliwa kwa kura za wapiga ala. Ndivyo alivyochaguliwa Kirill Petrenko mwaka 2015. Ile ya Vienna haijawa na mwongozaji wa kudumu tangu mwaka 1933; huwaalika inaowataka. Kijiti kiko mkononi mwa mmoja, lakini anashikishwa na wengi.

Bado lipo jambo moja la haki ambalo mara nyingi husahauliwa. Mpiga fidla aliyenyimwa kazi aweza kujifungia chumbani akajifunza peke yake. Mwongozaji hawezi, kwa kuwa ala yake ni watu. Ukimzuia asisimame mbele ya watu, umeivunja ala yake, kisha baada ya miaka kumi utasema kwamba hana uzoefu. Hivi ndivyo walivyotendewa wengi kwa sababu ya rangi au kwa kuwa wanawake.

Dean Dixon alizaliwa New York mwaka 1915, Mmarekani mweusi, mtoto wa wazazi waliotoka visiwa vya Karibi. Alisoma katika shule ya muziki ya Juilliard, kisha Chuo Kikuu cha Columbia. Alipoona kwamba milango imefungwa, tangu mwaka 1932 alikuwa amekwisha kuunda okestra yake mwenyewe huko Harlem. Mwaka 1941 aliiongoza okestra kuu ya New York, naye alikuwa mtu mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Lakini kazi ya kudumu hakupewa. Mwaka 1949 akaihama nchi yake. Wasweden wakampa okestra ya Göteborg, tangu 1953 hadi 1960. Wajerumani wakampa okestra ya redio ya Frankfurt, tangu 1961 hadi 1974. Nao Waaustralia wakamwita Sydney. Sisi husema mcheza kwao hutunzwa. Dixon alitunzwa ugenini, na kwao alirudi mwaka 1970 akiwa mgeni mwalikwa. Imepokewa kwamba aliwahi kuieleza safari yake kwa majina aliyoitwa: kwanza waliandika kuwa ni mwongozaji mweusi wa Kimarekani, baadaye mwongozaji wa Kimarekani, na mwishowe mwongozaji tu. Alifariki Uswisi mwaka 1976.

Antonia Brico naye aliiongoza okestra ya Berlin mwaka 1930. Aliporudi Marekani na kukosa kazi, aliunda mwaka 1934 okestra ya wanawake mjini New York. Ilibidi ufike mwaka 2007 ndipo mwanamke, Marin Alsop, akabidhiwe mojawapo ya okestra kubwa za Marekani, ile ya Baltimore. Na katika bara letu, mjini Kinshasa, Armand Diangienda, aliyekuwa rubani wa ndege akapoteza kazi, alianzisha okestra ya waumini wa Kikimbangu mwaka 1994. Mwanzoni ala hazikutosha. Ilibidi wanafunzi wapokezane. Hao wote walifanya jambo moja: waliponyimwa watu wa kuwasikiliza, walikwenda kuwatafuta.

Sasa, haya yote yanatuhusu nini sisi tunaoujenga utamaduni wa taifa letu? Sisemi kwamba kila mkoa upate okestra na kijiti chake ili tuonekane tumeendelea. Taarabu ya Unguja, ambayo chama chake cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, imezikusanya fidla, qanuni, udi na ngoma bila ya kawaida ya kumweka mtu wa kupunga mkono mbele. Wapiga ala humsikiliza mwimbaji, na hujibizana wao kwa wao. Katika ngoma, manju huanzisha na watu hupokea. Asipopokewa, umanju wake umekwisha usiku ule ule. Desturi hizi zinajua tangu zamani lile ambalo watu wa Moscow walilitafuta kwa kamati. Aliye karibu zaidi na mwongozaji wa Ulaya ni mwalimu wa kwaya, asimamaye mbele ya waimbaji wake Jumapili akiwa na mikono mitupu. Huyo tunaye katika kila wilaya, na mara nyingi hakuna aliyemfundisha kazi hiyo.

Kama yapo ya kukopa, basi tukope mafunzo kabla ya kijiti. Tumpeleke mwalimu wa kwaya akajifunze. Tumpe nafasi msichana mwenye sikio zuri asimame mbele ya wenzake mapema, si baada ya miaka kumi. Na tuwazoeze wote wanaoshika uongozi, wa muziki na usio wa muziki, kwamba cheo ni kazi ya kusikia. Debe tupu haliachi kuvuma. Aliyefundishwa vyema hunyamaza ili wengine wavume kwa mpango.

Katika majumba ya muziki ipo desturi ambayo yafaa kuikumbuka. Muziki unapokwisha na makofi kuanza, mwongozaji huwageukia wapiga ala. Humwonyesha kwa mkono yule mpiga filimbi au mpiga baragumu aliyekuwa na sehemu ngumu ya peke yake, na huyo husimama kwanza. Kisha huwainua wengine, kundi baada ya kundi, hadi wote wamesimama. Wako wanaoifanya kwa mazoea tu, kama mtu atiaye sahihi barua asiyoisoma. Lakini ikifanywa kwa haki, ni malipo ya deni: asiyetoa sauti anawataja mbele ya watu wale ambao sauti ilikuwa yao.